Nyuzi Tisini na Nne

Karatasi zilikuwa nne, zimepangwa juu ya meza ya Mkuu wa shule kama karata za mtu anayejua atashinda. Sajenti Bertilla wa idara ya upelelezi, Sumbawanga mjini, alizisoma akiwa amesimama, kwa sababu kiti pekee cha wageni kilikaliwa na rundo la madaftari ya Historia, na Mwalimu Basil, Mkuu mwenyewe, hakuonyesha dalili ya kutaka kuyahamisha.

Swali lilikuwa la tano, mtihani wa moko wa Kemia, ule wa majaribio kabla ya wa taifa, kidato cha nne. Mwanafunzi kapewa chupa ya kimiminika kisicho na rangi wala harufu. Athibitishe kwamba ni maji safi. Watahiniwa wa shule ile walikuwa mia moja na kumi na wawili. Karibu wote waliandika kwamba maji safi huchemka kwenye nyuzi mia moja. Mmoja aliandika kwamba angeyaonja, Mungu amlinde. Halafu kulikuwa na hawa wanne. Hamida: tisini na nne. Tereza: tisini na nne. Shedrack: tisini na nne. Kashinje: tisini na saba. Msahihishaji, ambaye bila shaka rundo lilikuwa limemfika kidevuni, alizungushia kila jibu wino mwekundu, na pembeni akaandika neno moja tu: Kulikoni?

Kulikoni hiyo ndiyo iliyomtoa Bertilla kituoni asubuhi ya saa nne na vumbi lote la mwezi wa tisa.

Mkuu alikuwa na maelezo yake tayari, na aliyatoa kwa mpangilio kama anayeeleza sababu za Vita vya Majimaji. Wanne hao ndio walioongoza Kemia shule nzima, kwa alama za kutisha. Mtu hawezi kuongoza Kemia halafu akakosea maji yanachemka wapi. Hilo ni jambo la kidato cha kwanza. Na wakikosea watatu kwa tarakimu ileile, basi walikunywa kisima kimoja: wamepata karatasi ya majibu ya wizi, na aliyeiuza kaitegea kosa. Juu ya hayo, themomita moja ya maabara haionekani. Bodi ya shule inakaa saa nane mchana. Barua za kuwafukuza zilishachapwa. Zilibaki sahihi tu.

“Zikisainiwa, mtihani wa taifa wa Novemba itakuwaje?” Bertilla aliuliza.

“Watausikia redioni,” alisema Mkuu.

Basi Sajenti alikuwa na saa nne, na kazi ya saa nne huanza na kitu cha dakika mbili. Aliomba mpango wa kukaa. Hamida alifanyia chumba cha kwanza, Tereza cha pili, Kashinje cha tatu, Shedrack cha nne. Kila mmoja na ukuta wake, kila chumba na wasimamizi wake. Kuangaliziana kukafa hapo hapo. Bertilla alilifuta wazo hilo kwenye daftari lake kwa mstari mmoja ulionyooka, maana yeye alikuwa mtu wa kupiga mstari kila kilichokufa.

Kisha akaomba kuona stoo ya maabara.

Kufuli ilikuwa nzima, bawaba nzima, dirisha lina nondo ambazo hata paka wa mtaa wa Katandala asingepenya. Funguo, Mkuu alieleza, ni mbili. Mmoja unakaa kwenye droo yake. Mwingine alikuwa nao mwalimu wa Kemia, Mwalimu Coleta, na aliurudisha tarehe ishirini na saba Juni alipokwenda likizo ya uzazi. Daftari la stoo lilikuwa la Mwalimu Coleta pia, limeandikwa kwa mwandiko mzuri hadi mtu anatamani kuwa bika ya kioo ili aorodheshwe humo. Themomita: sita. Tarehe ishirini na saba Juni, sahihi.

Ndani ya kibao chenye matundu, themomita zilikuwa tano. Bertilla aliinama, akapitisha kidole ndani ya tundu la sita, akakitazama. Kilitoka na vumbi jekundu zito. Akapitisha kidole kwenye rafu kando yake. Vumbi lilelile, unene uleule. Kitu kilichoibwa wiki iliyopita huacha tundu safi. Tundu hili lilikuwa tupu siku nyingi, labda tangu kabla ya ufunguo kurudishwa.

Mkuu alimuuliza ameona nini. Bertilla alijibu kwamba ameona stoo inahitaji kufagiliwa.

*

Mahali pa kwanza pa kutafuta majibu ya wizi mjini pale palikuwa kwa Dominiko wa steshenari, kijana aliyejulikana kwa mashine yake ya kutoa kopi na kwa mdomo wake, na mashine ndiyo iliyokuwa ikipumzika. Bertilla alipanda bodaboda mpaka kibandani kwake, akaonyesha kitambulisho, akaomba aone majibu ya moko.

Dominiko alianza kwa kukana, akaendelea kwa kucheka, akamaliza kwa kutoa simu. Hayo yote yalichukua muda mfupi kuliko bodaboda kugeuza. Alikuwa nayo karatasi, ndiyo. Aliipata kwenye kundi la simu na akaigawa kwa waliotaka. Bertilla aliisoma kutoka juu mpaka chini. Ilikuwa mtihani wa zamani uliobadilishwa mwaka. Hakuna swali hata moja lililofanana na moko wa kweli, isipokuwa la maji, ambalo hurudi mara kwa mara kama malaria. Na jibu lake lilikuwa pale, kwa herufi nene: nyuzi mia moja.

Aliitazama ile mia moja kwa muda. Mwizi wa majibu angeandika mia moja. Asiyesoma angeandika mia moja. Hata Dominiko, ambaye Kemia yake iliishia kwenye wino wa mashine, alikuwa na mia moja.

“Katika hawa wanne, nani alichukua hii?”

“Hakuna, afande. Hamida tu ndiye aliyeiona. Alikuja kutoa kopi za mitihani ya nyuma, akaikuta imelala kwenye mashine, akacheka mpaka akashika ukuta.” Dominiko alionekana kicheko hicho bado kinamchoma. “Akaniambia, ‘Kaka Dominiko, mia moja hii umeichemshia wapi, Dar es Salaam?’”

Dominiko, aliyezaliwa Ufipa na hajawahi kuvuka Tunduma, alichukulia kwamba ni dharau za watoto wa wenye maduka. Bertilla hakuchukulia hivyo. Aliandika Dar es Salaam kwenye daftari lake na kuipigia mistari miwili chini. Simu ya Dominiko ikaingia kwenye bahasha, naye akaambiwa afike kituoni saa kumi na moja akiwa na maelezo mapya, si haya.

*

Washukiwa hawakuwa wamejificha. Tangu wasimamishwe masomo walikuwa wakikutana kila siku nyuma ya duka la chai la Bi Mwanamvua, mama yake Hamida, wakiwa wamevaa sare kamili, soksi zimepandishwa, kama shule ni wao na si majengo. Bertilla aliwasikia kabla hajawaona.

Walikuwa wakiulizana maswali. Ukutani, kwa mkaa, mtu alichora jedwali la elementi kubwa kama mkeka, na Bi Mwanamvua kwa huruma yake alikuwa amepiga chokaa ukuta mzima akaliacha lenyewe. Kanuni ya mchezo ilikuwa moja: ukikosa, unaosha kikombe cha mteja. Shedrack alikuwa na povu mpaka viwikoni.

“Huyu toka swali la valensi hajakauka,” Tereza alikuwa akisema.

“Naosha kwa hiari,” Shedrack akajibu. “Nasoma kwa vitendo. Sabuni ni Kemia.”

Walipomwona Sajenti walisimama wote wanne kwa pamoja na shikamoo zao zikatoka kwa pamoja. Kashinje ndiye aliyekuwa mrefu kuliko wenzake, mtoto wa wafugaji wa Ilemba, kule chini bondeni, ambaye wazazi wake walifika na ng'ombe kutoka Shinyanga kabla hajazaliwa. Mjini alikuwa amepanga chumba na anajipikia. Bertilla alimsalimia Bi Mwanamvua kwa heshima yake, akaomba ruhusa ya kuzungumza na watoto mmoja mmoja, akapewa gogo la kukalia karibu na gunia la mkaa. Palikuwa na sufuria la maharage jikoni na sufuria la maji ya chai, yote mawili yakichemka.

Hamida alikuja wa kwanza, kitambaa cha kichwa kimenyooka, macho makali. Tisini na nne aliitoa wapi? Alikumbuka vibaya. Tereza naye akaja, akitazama viatu vyake: alikumbuka vibaya. Shedrack alikuja akifuta povu kwenye suruali: naye, kwa bahati mbaya sana, alikumbuka vibaya.

Bertilla aliwaita watatu wote pamoja na kuwaambia kwamba amefanya kazi ya upelelezi miaka kumi na moja, na watu wanaokumbuka vizuri kwa pamoja amewaona wengi. Lakini watatu kukumbuka vibaya kwa tarakimu ileile, hilo linahitaji mazoezi. Hawakuwa na yale macho ya wezi, ya kutafuta pa kukimbilia. Walikuwa wamebana midomo kama watoto waliokabidhiwa siri na mgonjwa.

Kashinje aliitwa mwisho. Yeye hakusema alikumbuka vibaya. Alipoulizwa tisini na saba aliipata wapi, alitazama sufuria la maji, akatazama tena mikono yake, akasema, “Sina jibu la hilo, afande. Niandike mimi peke yangu. Wenzangu waache wafanye mtihani.”

Na hapo ndipo Bi Mwanamvua alipokuja na kikombe cha chai kwa ajili ya mgeni, na kwa kuwa hakuwa ameambiwa kwamba kuna siri, akaikanyaga. Alimwambia Bertilla asiwaonee watoto hawa, ni wazuri, kosa lao ni moja tu, kwamba tangu Juni hawampi amani jikoni. Kila maji yakianza kutokota wanayaingilia na kijiti chao cha kioo, wanayapima kama mgonjwa wa homa, halafu wanapiga kelele za furaha kana kwamba mgonjwa kapona.

Hamida alifumba macho. Tereza alijiziba uso na daftari.

Bertilla alikunywa chai taratibu. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia: yale maharage yaliwekwa jikoni saa ngapi?

Alfajiri, alijibu Bi Mwanamvua, na yaliloweshwa usiku kucha, na bado yanagonga meno. Mbona hayo ni ya kawaida, Sumbawanga maharage ni safari. Bertilla akaitikia kwa kichwa. Alikuwa mzaliwa wa Kate, huko Nkasi, na jambo hilo alilijua tangu anashika mwiko. Lakini alijua na jingine. Mwaka alipohamishiwa kituo cha Ilemba, alipika maharage ya kwanza kwa saa za kwao, akaenda lindoni, aliporudi akakuta uji. Askari wenzake walimcheka mwezi mzima. Kule bondeni maji yanachemka kwa joto kali zaidi. Huku juu yanatokota mapema, kabla hayajapata joto la kuivisha kitu. Alikuwa akilijua jambo hilo kwa tumbo. Hakuwahi kufikiri kwamba lina tarakimu.

“Huku juu tisini na nne,” alisema polepole, akiwatazama wale watatu. Kisha akamgeukia Kashinje. “Na Ilemba, tisini na saba. Ulikwenda nayo nyumbani likizo ya Juni.”

Kashinje aliinamisha kichwa.

“Na pwani, mia moja. Ndiyo maana ulimcheka Dominiko.” Hiyo ilikuwa ya Hamida. “Hamkuiba majibu. Mlichemsha maji. Sasa kwa nini watu wanne waliochemsha maji wakubali kufukuzwa shule kuliko kusema?”

Upepo ulipita uani na kugeuza kurasa za madaftari yaliyokuwa wazi kwenye benchi. Bertilla aliendelea mwenyewe, kwa sauti ya chini, kama anayesoma orodha. Kufuli haikuvunjwa. Tundu la sita lina vumbi la miezi. Funguo zilikuwa mbili, na Mkuu wa shule hawezi kumpa mtu themomita, kwa sababu Mkuu anafundisha Historia na huenda hata hajui inakaa wapi. Umebaki ufunguo mmoja.

Tereza alianza kulia bila sauti. Kashinje alimsogezea kitambaa cha vikombe, kisha akasema, na sauti yake ilikuwa imara kuliko umri wake:

“Siku anaondoka alinipa mimi, kwa kuwa nilikuwa kiongozi wa maabara. Alikuwa amechoka, tumbo limeshuka, akasahau kuiandika. Alituambia hakuna mwalimu atakayekuja, tusiache kupima. Ni mali ya serikali, afande. Tukisema, anapoteza kazi, na ana mtoto wa miezi miwili. Tukinyamaza, tunapoteza mtihani. Mtihani unarudi mwakani. Tulipiga kura.”

“Mlipiga kura.”

“Nne kwa sifuri,” alisema Shedrack.

Bertilla aliandika kitu kwenye daftari. Aliandika muda mrefu kuliko maneno yenyewe yalivyohitaji, na alipoinua kichwa alimwomba Bi Mwanamvua msamaha, moshi wa mkaa ule ulikuwa mkali. Kashinje aliingia ndani, akarudi na kibuyu chembamba cha mama yake cha kuwekea siagi, kimekaushwa na kujazwa pamba. Ndani yake, themomita, safi kama imetoka dukani.

Saa ilikuwa sita na nusu.

*

Mwalimu Coleta alikuwa uani kwake akianika nepi, mtoto mgongoni. Aliposikia afande anauliza themomita, alicheka: ipo kwa Kashinje, iko salama, yule anaweza kulea yai. Aliposikia yaliyofuata, hakucheka tena. Hakuna aliyemwambia. Watoto walipita pale kila Jumamosi kumchotea maji na kumsalimia mdogo wao, na kila Jumamosi walimwambia moko ulikwenda vizuri.

Bertilla alimtahadharisha, kwa utaratibu wa kazi, kwamba atakachosema kitaandikwa. Kumkabidhi mwanafunzi kifaa bila kukiingiza kwenye daftari, na kusaini sita wakati ziko tano, si jambo la kupuuzwa.

“Andika,” alisema Mwalimu Coleta. “Andika huku tunatembea.”

*

Bodi ilikuwa na watu watano na sahani moja ya karanga. Mwenyekiti, Mzee Abuu, mfanyabiashara wa mabasi aliyekuwa na desturi ya kusikiliza akiwa amefumba macho, aliyafumbua pale Sajenti alipoomba birika la umeme. Mkuu aliuliza kama hiki ni kikao cha chai. Bertilla alijibu kwamba ni kikao cha ushahidi, na ushahidi uko ndani ya maji.

Alitaka themomita mbili: ile ya kibuyuni, na nyingine kutoka stoo, maana moja inaweza kuwa mbovu, na hakutaka kusikia hoja hiyo baadaye. Birika lilinung'unika, likatokota. Mwalimu Coleta, mtoto akiwa amelala mgongoni, alizishika zote mbili ndani ya mvuke na maji mpaka zikatulia, kisha akaomba Mkuu mwenyewe asome.

Mwalimu Basil aliinama. Akavua miwani, akaifuta mvuke, akaivaa tena. Akasoma ya kwanza, akasoma ya pili. Mzee Abuu alimuuliza zinasemaje, akamuuliza tena.

“Tisini na nne,” alisema Mkuu. “Zote.”

Mwalimu Coleta alieleza kwa maneno machache. Mia moja ya kitabu ni ya usawa wa bahari. Mji huu uko juu ya bahari karibu mita elfu moja na mia nane. Hewa ni nyepesi, haiyabani maji, yanachemka mapema. Hakuwahi kuwafundisha hilo, muda haukutosha. Waliligundua wenyewe na kuyaamini macho yao. Kuhusu themomita, kosa ni lake, na yupo tayari kuwajibika.

Mjumbe mmoja aliuliza, je, huyu wa tisini na saba? Kashinje aliitwa kutoka barazani. Alisimama mlangoni, kichwa karibu kigonge kizingiti, akaeleza kwamba alipima kwao Ilemba, siku tatu, mara tatu kila siku, kwenye chungu cha mama yake. Mzee Abuu alitaka kujua kwa nini basi, akiwa amefanyia mtihani Sumbawanga, hakuandika tisini na nne kama wenzake.

“Swali halikusema chupa iko wapi, mzee,” alisema Kashinje. “Nikaiweka nyumbani.”

Hakuna aliyegusa karanga.

Mkuu ndiye aliyekuwa na barua, na barua zilikuwa na jina lake chini. Alisema, bila kumtazama mtu, kwamba la majibu limekwisha, lakini la daftari la stoo halijaisha. Kanuni ni kanuni. Kifaa kilitoka bila maandishi, na mwalimu alisaini uongo.

Bertilla alikubali kwamba ni kweli na kwamba ameshaliandika. Kisha akaomba kuuliza swali moja la kukamilisha jalada. “Mkuu, tangu Juni ishirini na saba, nani amewafundisha kidato cha nne Kemia?”

Mwalimu Basil aliangalia dirishani, ambako kivuli cha jengo la maabara kilikuwa kinaanza kurefuka. Alikuwa ameomba mwalimu mbadala mara tatu, na hakuna aliyeletwa. Kila mtu chumbani alijua hivyo. Kila asubuhi alipita mbele ya darasa lile, akiwaona watoto wanasoma wenyewe, na kila asubuhi alikuwa na jambo jingine la kushughulikia.

“Hakuna,” alisema mwishowe. “Na hawa wamepata alama za juu mkoani.” Alikuwa akiongea na meza. “Nilikasirika kwa sababu sikuweza kueleza walizipataje.”

Alizichukua barua nne, akazilinganisha kingo, akazikunja mara mbili na kuzitia mfukoni mwa koti. Akamsogezea Mwalimu Coleta daftari la stoo na kalamu, akamwambia aandike ukweli, kwa tarehe ya leo, wa Juni na wa sasa, naye atasaini chini kama shahidi na kubeba nusu yake. Mwalimu aliandika. Mkuu alisoma, akaongeza mstari kwa mkono wake, akasaini. Bertilla aliuona mstari huo aliponakili: themomita moja, imeazimwa kwa Kashinje na wenzake watatu, mpaka siku ya mtihani wa taifa.

Kwenye taarifa yake mwenyewe, mahali pa matokeo ya upelelezi, Sajenti aliandika kwamba kifaa hakikupotea. Kilikuwa kazini.

Nje, wanne walikuwa wamepangwa kwenye ukingo wa baraza. Walipoambiwa warudi darasani kesho, hawakuruka wala hawakupiga kelele. Shedrack alikaa chini ghafla, kama mzigo uliokatwa kamba. Tereza alimshika mkono mwalimu wake na kubaki ameushika. Kashinje aligeuka kuangalia uwanja, na alikaa amegeuka muda wa kutosha mtu kufuta uso.

Hamida ndiye aliyeanza. Alichomoa daftari kwapani, akasema mwalimu, samahani, najua umechoka, lakini kuna swali la moli lina wiki tano linatutesa, kila mtu anapata jibu lake na hakuna anayetaka kuosha vikombe.

Mwalimu Coleta alilitazama daftari. Alitazama jua. Alifungua fundo la kanga, akamshusha mtoto, akatafuta wa kumpa, na aliyekuwa karibu alikuwa Sajenti Bertilla wa idara ya upelelezi, ambaye alipokea bila kujua amepokea. Mwalimu aliokota kipande cha mkaa, akapiga magoti kwenye sakafu ya baraza, na wanne wakainama juu yake mpaka vichwa vikagusana.

“Nani anaanza?” aliuliza. “Anzeni na mliyokosea.”

Bertilla alikuwa anatakiwa kituoni. Alisimama pale, jalada kwapani na mtoto begani, akawasikiliza wakikosea.